Dondoo muhimu: Printa ikigoma kupitia doki

Mwenye steshenari Korogwe au Chanika, Handeni, usikimbilie kumwita fundi. Chomoa waya wa printa kwenye doki (kifaa kinachounganisha vifaa vingi na laptopu), uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Ikichapa, printa ni nzima. Huenda mkorofi ni doki. Umeme ukikatika na kurudi, doki huweza kuganda: ichomoe kwenye umeme na kwenye laptopu, subiri nusu dakika, rudisha.

Mtego mkubwa uko kwenye tundu. Ukihamisha waya wa USB kwenda tundu jingine, Windows huweza kusajili printa upya kwa jina lilelile, mwishoni ikiongeza “Copy 1”, huku kazi zikirundikana kwenye ile ya zamani. Futa foleni, chagua hiyo mpya. Mteja akisubiri fomu yake, chapa kwanza bila doki.