MAONDOLEO YA DHAMBI NA DENI LA JIRANI

Wakatekumeni wapenzi, katika Kanuni ya Imani twasadiki maondoleo ya dhambi. Maneno hayo ni machache, na wengi huyatamka bila kuyapima.

Ubatizo huondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizozitenda mtu mwenyewe, kubwa na ndogo, pamoja na adhabu zake. Kwa hiyo mtu mzima anayebatizwa haziungami kwanza dhambi hizo kwa Padri, wala hapewi malipizi. Yampasa kusadiki, kujuta kwa kweli na kukusudia kuacha ubaya. Wala maji hayafanyi kazi kwa nguvu zake yenyewe, kama dawa ya mganga. Anayetenda ni Yezu Kristu, aliyemwaga damu yake msalabani.

Hapo mmoja wenu atauliza: Nilimwibia jirani mbuzi. Dhambi ikiisha kuondolewa, mbuzi amekuwa wangu?

La, ndugu, mbuzi ni wa jirani. Mungu akisamehe amesamehe kabisa, lakini hakukupa mali ya mwingine. Na majuto yako ni majuto gani, ikiwa mbuzi wa wizi analala nyumbani mwako hata leo? Mrudishe. Akiwa amezaa, watoto wake nao ni wa mwenye mbuzi. Akiwa ameliwa, lipa thamani yake, hata kidogo kidogo. Mwenyewe akiwa amekufa, warithi wake wapo. Hulazimishwi kutangaza aibu yako mbele ya kijiji. Waweza kurudisha kwa mkono wa mtu mwaminifu. Zakayo wa Yeriko alizidi hapo: aliahidi kurudisha mara nne, kama Torati ilivyomwagiza mwizi wa kondoo, na nusu ya mali yake aliwapa maskini (Luka 19).

Lakini aliyemsingizia mwanamke mzee kuwa ni mchawi, huyo ameiba kitu kikubwa kuliko mbuzi. Mama huyo amefukuzwa, wajukuu wake wakatazwa kumsalimu, pengine amepigwa. Hapa haifai kurudisha kwa siri. Aliyesema uongo mbele ya watu yampasa kusema kweli mbele ya watu wale wale, hata sauti ikimtetemeka. Najua ni kazi ngumu. Kutoa mbuzi kumi ni rahisi zaidi.

Wengine husema: Basi, nitangoja uzee, Ubatizo unioshe yote kwa mara moja. Hila hiyo si mpya. Kaizari Konstantino alibatizwa mwaka 337, akikaribia kufa, na Wakristo wengi wa zamani hizo walichelewa vivyo hivyo. Maaskofu Basili na Gregori wa Nazianzi waliikemea desturi hiyo. Homa haimpi kila mtu nafasi ya kumwita Padri. Tena hakuna sababu ya kuogopa kuanguka baada ya Ubatizo kana kwamba mlango umefungwa: jioni ya siku ya Ufufuko Yezu aliwapa Mitume uwezo wa kuondoa dhambi (Yoane 20), na uwezo huo twaupata katika Sakramenti ya Kitubio.

Basi kila mmoja apime deni lake kabla ya Pasaka. Anayeogopa kwenda peke yake amwambie katekista, naye atamsindikiza.