SOMO LA LUGHA: NG'OMBE MMOJA AU KUNDI ZIMA?

Garsen, karibu na Mto Tana, katika njia itokayo Malindi kwenda Lamu, hukutana Wapokomo walimao na Waorma wafugao. Nyumbani kila watu wana lugha yao, lakini katika kuuza na kununua hutumia Kiswahili. Basi na tufikiri kwamba mfugaji aliye mbali malishoni amempelekea nduguye barua ya maneno matatu: "Uza ng'ombe wangu." Je, auzwe mmoja au kundi zima?

Sarufi ya shuleni haimsaidii. Neno "ng'ombe" ni lile lile katika umoja na wingi, na "wangu" hufaa kwa yote mawili. Kwa kawaida kitenzi ndicho kifichuacho siri: "ng'ombe wangu amepotea" ni mmoja, "ng'ombe wangu wamepotea" ni wengi. Lakini amri "uza" haionyeshi idadi. Kwa sababu hiyo watu wengi husema "ng'ombe zangu" kwa wingi, kama isemwavyo "ndugu yangu" na "ndugu zangu".

Waingereza nao wana taabu kama hiyo. "Boy's", yaani cha mvulana, na "boys'", yaani cha wavulana, husikika sawasawa. Tofauti ni mahali pa alama ndogo katika maandishi tu. Lakini "wife's", yaani cha mke, hutamkwa kwa f, na "wives'", yaani cha wake, hutamkwa kwa v. Hapo sikio latosha kujua kama mwenye mali ni mke mmoja au ni wengi. Vivyo hivyo "house's", yaani cha nyumba, ina sauti ya s katikati, na "houses", yaani nyumba nyingi, wengi huitamka kwa z. Hata hivyo wako Waingereza na Wamarekani waitamkao "houses" kwa s, na kwao tofauti hiyo hupotea.

Fundisho ni hili: katika mambo ya mali, mtu asitegemee herufi moja, kwa maana si wote waitamkao sawa. Na aandike, "Muuze ng'ombe wangu mmoja, yule mweusi," au, "Wauze ng'ombe wangu wanne." Neno moja la kuongeza ni rahisi kuliko kesi ya kundi lililokwisha kuuzwa.