Somo kwa Wafanyakazi: Njia ya Ujumbe Haijulikani Yote



Anayeanza masomo ya kompyuta huambiwa mara nyingi kwamba ujumbe hupangiwa njia yake yote kabla ya kuondoka, kama abiria mwenye tikiti ya mpaka mwisho. Maelezo hayo ni mepesi lakini yanapotosha. Tuyarekebishe.

Chukueni kifurushi kinachotoka Biharwe kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mtu wa Biharwe hana haja ya kuijua barabara ya Isingiro. Yamtosha kujua mawili: cha upande wa Mbarara kipakiwe gari la magharibi, kingine chochote kiende mashariki, njia ya Masaka na Kampala. Kikifika Mbarara, mpakiaji wa stendi husoma anwani upya, akakitia katika gari la Isingiro. Kila njia panda huamua hatua moja tu.

Ndivyo ifanyavyo ruta, mashine ya njia panda. Ina jedwali: anwani hizi, waya huu, zile, waya ule, na mstari mmoja kwa anwani zote zisizotajwa. Mistari miwili ikiifaa anwani moja, ulio mahususi zaidi hushinda.

Hapa mfano wa gari unapungua, na mwalimu auseme upungufu huo. Ujumbe hukatwa vipande, navyo vyaweza kupita njia mbalimbali. Kipande kikipotea, ruta haikitafuti. Kompyuta za miisho miwili ndizo hugundua na kutuma tena. Tena kila kipande hubeba hesabu, aghalabu 64, inayopunguzwa moja kila njia panda, ikiisha, hutupwa. Bila hiyo kingezunguka milele.

Na jedwali hujazwa na nani? Ruta huambizana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Ruta zilipashana habari kuwa huko hakupitiki, mizigo ikahamia nyaya zilizosalia. Lakini nyaya hizo hazikupanuka, ndiyo maana intaneti ilikuwa nzito Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Mfanyakazi wa kaunta anayekemewa siku kama hiyo anastahili kuweza kulieleza hilo, na msimamizi wake vilevile.

Zoezi la tawi: watu watano wawe ruta, wakiunganishwa kwa kamba. Kateni kamba moja. Kila mmoja aandike jedwali jipya akiongea na jirani zake tu.