Koo Limefunguka, Usingizi Bado Unakatika

Usiku wa Cheptiret ni mrefu na una baridi. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Malaba hunguruma kwenye barabara kuu mpaka alfajiri, na ikifika saa kumi na moja wengine wako zizini wakikamua. Hebu mfikirie mtu wa hapa ambaye koo lake hujiziba usingizini na pumzi kukatika, ugonjwa ambao madaktari huuita apnea ya usingizi. Amepata mashine ya CPAP, anaivaa kila usiku, na mkoromo umekwisha. Hata hivyo saa sita anaamka, saa nane anaamka, saa kumi anaamka tena. Maswali yaliyo hapa ni ya mtu huyo, na majibu yangu yote yanatoka kwenye shina moja: mashine hutibu koo, lakini kuamka kuna sababu zake nyingine, na hazitaonekana maadamu lawama yote inabaki juu ya mashine.

Daktari, kila asubuhi mashine inaniandikia 2 au 3, na niliambiwa chini ya 5 ni sawa. Mbona naamka mara nne au tano? Je, inanidanganya?

Haikudanganyi, ila inajibu swali dogo kuliko lile unalouliza. Nambari hiyo ni hesabu ya mara ambazo pumzi ilikatika au kufifia kwa kila saa. Anayefikisha 30 bila tiba huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali. Aliye chini ya 5, kwa hesabu hii, hana tofauti na mtu mzima mwenye afya. Colin Sullivan na wenzake walipoitangaza tiba hii mwaka 1981 huko Sydney, wakiwa na wagonjwa 5 tu, walichogundua ni kwamba hewa ikisukumwa kwa nguvu kidogo kupitia pua hulishikilia koo lisibonyee. Kazi yake mpaka leo ni hiyo hiyo. Mashine ya nyumbani haina nyaya za kusoma ubongo. Inapima hewa inavyoingia na kutoka, basi. Haijui kama umelala au umekodolea macho dari.

Kuna mtego pia katika hesabu yenyewe. Mashine hugawanya matukio kwa saa ulizoivaa. Ukiivua saa tisa usiku kwa kuchoshwa nayo, saa mbili zilizobaki hazimo katika hesabu, na mara nyingi saa hizo za alfajiri ndizo zenye usingizi mwingi wa ndoto, wakati misuli inapolegea kabisa na koo kuziba kwa urahisi zaidi. Jaribio kubwa lililoitwa SAVE, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2016, lilihusisha watu 2,717 waliokuwa na apnea pamoja na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine waliivaa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, na hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko wenzao. Kwa hiyo pamoja na ile 2 au 3, tazama saa za matumizi na kiasi cha hewa kinachovuja pembeni mwa barakoa. Vyote vitatu vikiwa sawa, koo limeondolewa lawama. Usiongeze nguvu ya hewa kwa kubahatisha. Nguvu ikizidi, hewa huvuja, nyingine humezwa ikajaza tumbo, na zote mbili zitakuamsha.

Lakini mtu mwenye afya si hulala fofofo mpaka asubuhi? Wazee wetu hawakuwa na shida hii.

Hapa ndipo wengi tunapojipimia kwa kipimo ambacho hakijawahi kuwepo. Ushahidi mzuri uko jirani, kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Watafiti, wakiwemo Watanzania Audax Mabulla na Ibrahim Mabulla, waliwavisha Wahadza 33 vifaa vidogo vya mkononi vya kupima mjongeo kwa siku 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanashangaza: katika usiku zote hizo, jumla ya muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ilikuwa dakika 18 tu. Karibu wakati wowote wa usiku walikuwepo kadhaa walio macho au wenye usingizi mwepesi. Huyu ananyamazisha mtoto, yule anajisaidia, mwingine anageuka tu. Hawakuwa na taa za umeme za kulaumiwa, na wengi wao hawakuona kwamba wana tatizo la usingizi. Kuamka, basi, ni sehemu ya usiku wa binadamu. Hata wewe, kabla ya kuugua, uliamka mara nyingi kwa nukta chache ukasahau.

Msomaji anaweza kupinga: huku si kumwambia mgonjwa avumilie? La, ni kubadilisha kipimo. Acha kuhesabu mara ulizoamka. Hesabu dakika ulizokaa macho, kisha utazame mchana wako. Anayeamka mara nne na kurudi usingizini ndani ya dakika tano, akashinda shambani bila kusinzia, hana ugonjwa mpya. Anayeamka mara moja akakesha saa nzima, usiku tatu au zaidi kwa wiki na kwa miezi mitatu, ana ukosefu wa usingizi ulio sugu na unaotibika. Na anayesinzia kwenye usukani akielekea Burnt Forest asisubiri kipimo chochote. Aegeshe gari, na asiendeshe tena mpaka apimwe.

Kinachoniamsha ni mkojo. Hilo si la umri tu?

Kwanza ujiulize kwa makini: mkojo ulikuamsha, au uliamka ukaukuta? Apnea isiyotibiwa huongeza mkojo wa usiku kwa njia inayoeleweka vizuri. Koo linapoziba, kifua huvuta kwa nguvu, vyumba vya moyo hutanuka, na moyo, ukidhani mwili umejaa maji, hutoa homoni inayoziamuru figo zitupe chumvi na maji. Koo likifunguka, safari za chooni kwa kawaida hupungua. Zisipopungua, chukua jagi lenye alama na upime mkojo wako wa mchana na usiku kwa siku mbili. Kwa mtu wa makamo na zaidi, mkojo wa usiku ukizidi theluthi ya ule wa saa 24, shida ni figo kutengeneza maji wakati usiofaa. Ukiwa mdogo mdogo lakini wa mara kwa mara, tazama kibofu, na kwa mwanamume, tezi dume. Sukari ya damu ipimwe kwa vyovyote.

Halafu fungua mfuko wa dawa, hasa kama una shinikizo la damu, maana hilo na apnea hupenda kwenda pamoja. Vidonge vya kukojosha vikimezwa jioni, usiku umekwisha haribika. Mwulize daktari wako kama vinaweza kuhamishiwa asubuhi. Amlodipine, inayotumiwa na watu wengi, huvimbisha miguu ya baadhi yao, na maji yaliyokaa kwenye vifundo mchana kutwa hurudi kwenye damu ukijinyoosha kitandani. Kuinua miguu saa moja au mbili alasiri huyarudisha mapema. Na chai ya maziwa ya jioni, kitu kitamu cha nchi hii, huleta maji na kafeini kwa kikombe kimoja. Nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini saa tano hivi baadaye.

Mwezi wa saba nasikia maji yakibwabwaja ndani ya mpira wa mashine, mengine yananirukia usoni.

Ni mvuke. Chombo cha kupasha maji hupeleka hewa ya joto yenye unyevu, mpira unapita katika chumba cha baridi, na mvuke unageuka matone. Pitisha mpira chini ya blanketi au uushonee ala ya kitambaa, weka mashine chini kuliko kichwa ili maji yarudi yalikotoka, na upunguze kipimo cha unyevu hatua moja. Stima ikipotea utaamka pia, kwa sababu hewa imesimama. Betri ya akiba husaidia, ila kumbuka kwamba kinachoimaliza upesi ni kile chombo cha joto kuliko feni yenyewe.

Nikiamka saa nane akili inaanza mbio: karo, bei ya mahindi, ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nimeanza kulala saa mbili usiku ili nifidie, lakini wapi.

Swali hili ndilo ninalolipa uzito zaidi. Mwaka 1973 Christian Guilleminault na wenzake walieleza wagonjwa waliokuwa na apnea pamoja na kukosa usingizi, na tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kati ya theluthi na nusu ya wenye apnea hulalamikia dalili za kukosa usingizi. Ni magonjwa mawili yanayolala kitanda kimoja. Kwa miaka mingi, kila mara pumzi ilipokatika, mwili ulishtuka. Mashine imeondoa mshtuko, ila mazoea ya kushtuka yamebaki, kisha hofu ikajiongeza juu yake: leo nitaamka tena? Kitanda kimegeuka mahali pa kungojea.

Kulala mapema kunazidisha jambo. Ukiingia kitandani saa mbili na kutoka saa kumi na moja, umekaa humo saa tisa. Mwili wako una usingizi wa saa sita na nusu, kwa hiyo saa mbili na nusu za kukesha lazima zitokeze mahali fulani, nazo hutokeza vipande vipande. Tiba yake inaonekana kinyume: shika saa ile ile ya kuamka, hata Jumapili, na usiingie kitandani kabla ya saa nne na nusu. Usipopata usingizi kwa kadiri ya dakika 20, ondoka, kaa kwenye kiti ukiwa umejifunika, urudi macho yakilemea. Usiku ukishakazana, ongeza dakika 15 kwa wiki. Rudi na mashine kila unaporudi kitandani.

Je, si ukatili kumpunguzia kitanda mtu aliyechoka? Wiki ya kwanza au ya pili huwa ngumu kweli, na dereva, mwenye kifafa au mwenye historia ya kupandwa na wazimu asiijaribu bila daktari wake. Hata hivyo, jaribio la Australia la mwaka 2019 liliwachukua watu 145 wenye maradhi yote mawili. Waliotibiwa kukosa usingizi kwanza, kwa mazoezi ya namna hii na bila vidonge, waliivaa mashine karibu saa moja zaidi kila usiku kuliko wenzao. Waliopangiwa saa za kitandani ndio waliokubaliana zaidi na barakoa.

Si rahisi zaidi kumeza kidonge kimoja?

Ni rahisi kumeza, ila si salama. Piriton, dawa ya mzio iletayo usingizi, hukausha kinywa na huweza kuzuia mkojo kwa mwenye tezi dume, na uzito wake huendelea asubuhi. Diazepam, dawa ya kutuliza, hulegeza koo lile lile tunalolishikilia. Pombe kama busaa na chang'aa hufanya hivyo hivyo, kisha huvunja nusu ya pili ya usiku.

Nguvu ya hewa ya mashine yangu ilipangwa nikiwa Mombasa. Huku juu kuna tofauti?

Inaweza kuwepo. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka huko kupitia Cheptiret unazidi kupanda mpaka Timboroa, ambako reli hupita juu ya mita 2,700. Hewa ikiwa nyepesi, mtu huhema zaidi na hewa ya ukaa hupungua kwenye damu. Usingizini ubongo hutegemea hewa hiyo ya ukaa ili kutoa amri ya kuvuta pumzi. Ikishuka chini ya kiwango fulani, amri husimama, pumzi hukatika ilhali koo li wazi, kisha mtu anavuta kwa kishindo na kuamka. Mashine inaweza kushikilia mlango wazi, ila haiwezi kumwamuru mtu apite. Watafiti wa Uswisi waliwapandisha wagonjwa 51 wa apnea, wakazi wa chini ya mita 800, hadi mita 1,860 na 2,590, wakachapisha mwaka 2012 kwamba mashine pamoja na dawa ya acetazolamide ilidhibiti pumzi vizuri kuliko mashine peke yake.

Utasema hao walikuwa wageni wa milima, na aliyezaliwa hapa amezoea. Ni kweli, ndiyo maana siushuku mwinuko kwanza kwa mwenyeji. Naushuku kwa aliyehamia kutoka pwani, kwa mwenye moyo dhaifu, na kwa yeyote ambaye ripoti ya mashine yake imejaa herufi CA, alama ya pumzi iliyosimama koo likiwa wazi. Alama hizo zikionekana katika wiki za kwanza za tiba, kwa wengi huisha zenyewe ndani ya miezi michache. Zikidumu, peleka ripoti hiyo hospitalini, mathalani Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Eldoret, na uombe moyo upimwe kabla ya mtu kukuuzia mashine ya gharama zaidi inayojirekebisha kwa kila pumzi. Jaribio la SERVE-HF la mwaka 2015 lilionyesha kwamba mashine za aina hiyo ziliongeza vifo kwa wenye moyo uliodhoofika. Acetazolamide nayo huongeza mkojo, kwa hiyo anayeamka kwenda chooni aliseme hilo kabla ya kuandikiwa. Na kama mashine ni ya zamani, angalia kwenye mpangilio wake: baadhi hutaka mtu aziambie mwenyewe ziko mwinuko gani, na yako huenda bado inadhani iko ufukweni.