Dondoo muhimu: Kijana mpya kwenye karakana ya kuchomelea

Mengi huharibika mwezi wa kwanza, kabla kijana hajazoea mkono.

1. Usimchukue aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Tanzania inakataza kumpa kazi ya hatari.
2. Andikianeni posho, nauli na muda wa mafunzo, mzazi akiwepo.
3. Aanze na futi kamba na chuma chakavu, si geti la mteja.
4. Mpe barakoa ya kuchomelea siku ya kwanza. Miwani ya jua haitoshi: usiku macho yatawasha kama yametiwa mchanga.
5. Bomba la zinki likwanguliwe kwanza, lichomelewe penye hewa. Moshi wake huleta homa.
6. Kinga ya grinda isitolewe, hata fundi mkuu akiitoa yake.
7. Usimfanye mtumwa wa chai.
8. Akiiva, mpeleke VETA apimwe ujuzi, apate cheti.