PSA ya baba imepanda: ni saratani?

Swali: Daktari, baba ana miaka 66. Kipimo cha damu cha tezi dume kimesoma 9. Ndiyo saratani tayari? Msomaji, Kemondo.

Jibu: Pole. Namba hiyo peke yake haitoshi kusema ni saratani. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, hata iliyo nzima. Kingamwili zilizomo kwenye kipimo huinasa katika damu. Saratani huipandisha, lakini pia kutanuka kwa tezi kunakoletwa na umri, maambukizi, hata mpira wa mkojo. Je, baba aliwekewa mpira karibuni? Mwambie daktari. Kinachothibitisha ni kinyama cha tezi kuchunguzwa maabara. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Ikibidi, aandikiwe rufaa ya Bugando, Mwanza. Nakuomba sana, msichelewe.