Dondoo muhimu: Tairi pana na upepo wake

Kwenye njia za mawe na miba ya migunga kama za Hell's Gate, Naivasha, tairi pana la baiskeli lenye upepo wa kiasi hushika ardhi vizuri kuliko lililojazwa likawa gumu.

1. Pima nafasi kabla ya kununua: tairi likiachana na fremu kwa chini ya milimita 6, matope yatakwama.
2. Usijaze hadi namba iliyoandikwa ubavuni. Hicho ni kikomo, si kipimo cha kuendeshea. Kosa hili ndilo linalowaangusha wengi kwenye changarawe.
3. Kwa mwendeshaji wa kilo 70 na tairi la inchi 2.3 lenye tyubu, anza na psi 26 mbele na 28 nyuma. Punguza moja moja ukijaribu njia ileile.
4. Ukikuta pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba, rimu imebana tyubu. Usiilaumu miba, ongeza upepo.
5. Tairi likiyumba kwenye kona, upepo umepungua mno.
6. Tumia geji. Kidole gumba hudanganya.
7. Tairi lisilo na tyubu liongezee dawa ya kuziba matundu kila miezi michache, joto huikausha.
8. Lenye meno makubwa zaidi lifunge mbele.